Mjumbe Mmoja kwa Kata Nzima

Tangazo nililiona kwanza kwenye group la WhatsApp la mtaa, picha imepigwa kwa kupinda, maneno ya mwisho ya kila mstari yamekatwa. Sikuridhika. Nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe mpaka ofisi ya serikali ya mtaa kulisoma ubaoni. Lilikuwa limebanwa kati ya ratiba ya chanjo na onyo kwa wanaotupa taka mitaroni. Serikali ilikuwa inaunda kamati ya ushauri wa kilimo cha mjini, na kila kata ilitakiwa kutoa mjumbe mmoja: mkazi, anayelima kwa mikono yake pale pale anapoishi. Maombi yaandikwe kwa mkono na yapitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Maafisa wangesoma barua, halafu wangepita kuona bustani za wale ambao barua zao zimewavutia.

Nilisoma mara mbili, na sitaficha, pale pale ubaoni nilijiona nimeshakaa. Niliiona meza ndefu, chupa ya maji mbele yangu, na bwana mmoja mwenye tai akigeuka kuniuliza, "Mama, wewe unalionaje hili?" Miaka ishirini na tisa nilikuwa karani wa shule ya msingi. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, wakasifiwa huko wilayani kwa barua zao nzuri, na barua hizo niliziandika mimi. Tangu nistaafu na mume wangu afariki, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama kwangu umeme umerudi. Nilikitaka kile kiti. Nilikitaka vibaya mno.

Na nilikuwa na haki nacho. Nyumba yetu ni ya zile za zamani za Kariakoo, vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, imebanwa na maghorofa pande tatu. Nyuma kuna ua. Nilipoanza kulima kwenye ua ule, mtaa mzima hakuna aliyekuwa na hata shina la bamia. Watu walikuwa wanauza vitenge, vyombo, taa za Kichina, kila kitu unachokijua, lakini mtu anayejaza udongo kwenye kiroba cha sembe walimwona amechanganyikiwa. Mume wangu, ambaye alikuwa na duka la jumla la sabuni na mafuta mtaa wa pili, aliniuliza kama nimekumbuka nyumbani Kilimanjaro kiasi cha kutaka kuihamishia uani. Wenzake dukani walicheka wiki nzima. Mchicha ulipotoka alikula sahani mbili, na hakusema kitu, kwa sababu alikuwa mwanamume wa aina hiyo.

Jirani yangu alikuja baadaye sana. Anaishi nyumba ya nyuma, tunapakana ukuta wa ua, ukuta mfupi ambao ukisimama juu ya tofali unaona kwa mwenzako mpaka masufuria. Ametokea kusini, Lindi, na anauza nguo za watoto za mitumba pale Mchikichini. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Siku ya kwanza alikuja mlangoni kwangu na bakuli la samaki wa kupaka, akanipa shikamoo, akasema ameona majani yangu juu ya ukuta, na je, naweza kumpa marando ya matembele. Nikampa. Nikampa na mbegu za mchicha kwenye karatasi. Nikamfundisha kuchanganya udongo na mbolea ya kuku, nikamfundisha kutoboa ndoo chini, nikamfundisha kukata mchicha kwa kisu badala ya kuung'oa, ili shina libaki na lichipue tena. Alisikiliza kwa makini, akiitikia "sawa dada" kila sentensi, na nilifurahi kuwa na mwanafunzi.

Tatizo ni kwamba alijua kusikiliza kuliko nilivyotarajia. Mwaka wa kwanza mboga zake zilikufa, na nilimpa pole ya kweli. Mwaka wa pili zikaanza kupendeza. Kufika wa nne, nikisimama juu ya tofali langu, naona kijani kimejaa kwake, kimenona, wakati viroba vyangu vina majani ya kawaida tu. Nilijiambia ni ua wake kupata upepo. Kisha mama mmoja, mteja wangu wa mchicha wa miaka yote, akapita mbele ya mlango wangu na fungu la mchicha mkononi. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za wajukuu, akaendelea na safari. Lile fungu lilifungwa kwa utepe wa kitambaa cha mtumba, na anayefunga hivyo ni mmoja tu mtaani. Siku ile sikula mchana.

Nilianza kumchunguza. Alikuwa na tabia niliyoiona ya kichekesho, ya kuhamisha ndoo zake. Maghorofa yanatuziba jua, ikifika saa tano ndipo linaingia uani, linashika kona moja, linasogea, na saa tisa limeshaondoka. Mimi viroba vyangu ni vizito, vimekaa pale pale miaka yote. Yeye alikuwa anabeba ndoo zake, moja moja, akilifuata jua kama mtu anayemfuata mgeni muhimu na kiti. Binti zake walimsaidia, na siku ambazo hakwenda Mchikichini alibeba mwenyewe. Nilimwambia mara moja, kwa utani wenye sumu kidogo, "Jirani, mboga zako zimekuwa za kuogeshwa, mara huku mara kule." Akacheka, akasema, "Dada, hapa mjini jua lenyewe tunagombania."

Sasa turudi kwenye tangazo. Jioni ile ile niliandika barua yangu. Niliiandika kama karani anavyojua. Juu kulia anwani, chini yake tarehe, kisha YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima. Niliandika kwamba mimi ni mdau wa siku nyingi wa sekta ya kilimo, mwanzilishi na mhamasishaji, na kwamba nina uzoefu mpana katika uendeshaji wa ofisi. Kurasa mbili kamili bila kufuta neno. Niliisoma, nikairudia, nikajiona nimewaweza.

Kesho yake asubuhi jirani akabisha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu."

Alikaa ukingoni mwa kiti, akakunja khanga mapajani. Nilijua kabla hajafungua mdomo. "Dada, mwenyekiti kaniambia na mimi niombe ile kamati. Nimemwambia mimi kuandika barua ya serikali wapi na wapi. Akasema nenda kwa dada yako. Ndo nimekuja."

Mtaani kwetu barua ni kwangu. Barua ya kuomba nafasi ya shule, ya kumwomba mwenye nyumba avumilie, ya harusi, ya msiba, zote zinakuja kwenye meza yangu na sijawahi kumrudisha mtu. Kukataa kungeonekana, na wangeuliza kwa nini. Nikachukua kalamu, nikamwambia, "Haya, sema."

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Kawaida mtu ananieleza habari zake ovyo ovyo, namsafishia, namwekea husika na kichwa cha habari hapo juu, namvalisha. Siku ile sikumvalisha. Nilimwandika alivyo, neno kwa neno, bila YAH, bila taadhima. Aliponiambia mambo ya aibu, ambayo kwa mwingine ningeyaruka, nilimwomba arudie ili yasinipite. Nakumbuka barua ile mpaka leo:

"Mimi nalima kwenye ndoo kumi na tisa za rangi na madumu sita. Shule niliishia darasa la nne. Mchicha wangu wa kwanza ulikufa wote, nilimwagilia maji ya kufulia. Wa pili ulikufa kwa kukosa jua, ghorofa linatuziba mpaka saa tano. Sasa nahamisha ndoo. Saa tano zinakaa upande wa choo, saa saba upande wa jiko, saa nane nazipandisha juu ya karo. Mgongo unauma lakini nyumba nzima tunakula. Sijui mambo ya kamati. Najua jua la kwetu linapita wapi."

Nilimsomea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeandika kama ninavyoongea," akasema, "wengine wananiandikia mpaka sijijui." Akanishukuru mara tatu, na alipotoka nilikaa na barua ile nikaiona ilivyo uchi. Nilijua ofisini wataisoma, watatabasamu, wataiweka chini ya nyingine. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu nikajisikia vizuri.

Zikapita wiki mbili za kimya. Katikati yake ukatokea msiba. Mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi cherehani ambaye amewashonea watu sare za shule vizazi viwili, alifariki, na turubai likafungwa barabarani. Kwetu msiba ukitokea hatuulizani dini. Wenye mchele wanatoa mchele, wenye nguvu wanabeba maturubai, na sisi wenye bustani tunapeleka mboga za wapishi. Kila mmoja anapeleka anachoweza. Ila mimi nilikuwa nimeona, juu ya tofali langu, jirani akijaza beseni la matembele kulipeleka kule.

Nikashika kisu. Nilianza na kiroba cha kwanza, nikasema nitakata viwili. Nikafika cha nne nikaona beseni langu bado halijafikia lake. Sikuacha mpaka viroba vyote vikawa mashina matupu. Niliingia msibani na mabeseni mawili yamefurika, nikapita mbele ya wapishi pole pole, nikasikia mmoja akisema, "Huyu mama ana moyo." Jirani alikuwa pale anachambua mchele. Alinyanyuka akanipokea beseni moja, akasema, "Dada, umetoa bustani nzima." Na alisema kwa mshangao mzuri, usio na hila yoyote, jambo lililonipunguzia raha.

Jumatatu mwenyekiti akanipigia simu. Majina yaliyopita kwa kata yetu ni mawili, langu na la jirani yangu. Maafisa wanakuja Jumatano saa mbili asubuhi kuona bustani zote mbili, na watachagua mmoja.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mawili. Ile barua uchi imepita. Imepitaje? Halafu nikakumbuka viroba vyangu, nikakimbilia uani. Mashina. Mashina matupu, yameanza kutoa vijicho vya kijani vidogo. Nilipanda juu ya tofali. Kule kwa mwenzangu kulikuwa kama siku zote, na zaidi.

Mtu mwenye akili timamu angekaa, akanywa maji, akasema nitawaeleza ukweli, nimepeleka msibani. Mimi Jumanne alfajiri nilikuwa Jangwani. Bondeni kule kuna watu wanalima matuta marefu ya mchicha kabla mvua kubwa haijafunika kila kitu, na wanauza wakiung'oa na mizizi yake. Nilimwambia yule muuzaji aning'olee taratibu, asipukute udongo. Aliniangalia. "Mama, unaenda kupika au kupanda?" Nikamwambia afanye kazi yake.

Kupanda mchicha uliokomaa ni jambo ambalo nimewakataza watu maisha yangu yote. Najua haukai. Lakini nilipiga hesabu yangu. Nikiuweka kwenye maji siku nzima na kuupanda Jumatano alfajiri, nikaumwagilia sana, saa mbili ungekuwa umesimama, kwa sababu saa mbili uani kwangu bado ni kivuli cha ghorofa. Maafisa wangeona kijani, wangeandika, wangeondoka. Baada ya hapo ukifa ni shauri yake. Na ili nipate nafasi ya kuupanda, niling'oa mashina yangu yote, na vile vijicho vyake, nikayatupa kwenye ndoo ya taka.

Jumatano saa mbili nilikuwa nimeshaupanda, nimevaa gauni la kitenge na viatu vya kanisani. Viroba vilipendeza, nakiri hata mimi vilinidanganya kidogo. Saa mbili na nusu, kimya. Saa tatu mwenyekiti akasema wako njiani. Saa nne akasema wana kikao kifupi. Saa tano jua likaruka ukuta likaangukia kiroba cha kwanza, na nilisimama nikaliangalia linavyosogea. Nilimwagilia maji. Nilitundika shuka kwenye kamba ya kuanikia nguo kutia kivuli, nikalitoa kwa kuogopa wasije wakanikuta. Saa saba majani yalikuwa yamelala juu ya midomo ya viroba. Saa nane kasorobo maafisa wakabisha hodi.

Walikuwa wawili pamoja na mwenyekiti. Afisa kilimo, dada wa umri wa binti yangu, amevaa buti, na kaka mmoja mwenye faili. Dada yule alinipa shikamoo, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaingia uani. Nyuma yao alikuwa jirani yangu, ambaye mwenyekiti alimwita waende naye moja kwa moja wakitoka kwangu. Kwa hiyo alikuwepo. Kati ya watu wote wa Dar es Salaam, ilibidi awepo.

Afisa alichuchumaa. Akashika mchicha mmoja kwa vidole viwili, na ukatoka wote bila kubisha. Kwenye mizizi palining'inia bonge la udongo mweusi wa bondeni, unaonata, na udongo wangu mimi ni mwekundu uliochanganywa na pumba. Hakuhitaji kusomea kuona tofauti. Akaninyanyulia macho.

"Mama, hizi umepanda lini?"

Aliyejibu alikuwa jirani.

"Dada hapa alikata bustani yote," akasema haraka haraka, kwa ile sauti yake ya sokoni. "Kulikuwa na msiba mtaani, afisa. Mabeseni mawili alitoa, mtaa mzima mashahidi. Muulize mwenyekiti. Yaani huyu ndiye mwalimu wetu, mimi kila kitu kanifundisha yeye."

Mwenyekiti akaitikia kuwa ni kweli. Uso wa afisa ukalainika, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angekasirika. "Sasa mama," akasema, "si ungetuonyesha mashina tu? Ukikata vizuri shina linachipua. Hicho ndicho tulitaka kuona." Akaangaza macho uani kuyatafuta. Yalikuwa kwenye ndoo, karibu na mguu wake, na aliyaona. Alirudisha ule mchicha kwenye kiroba, akaufukia vizuri kama kitu chenye uhai, akajifuta mikono.

Kisha yule kaka akafungua faili. "Samahani, kitu kimoja. Hizi barua mbili zina mwandiko mmoja?"

"Ni yeye kaniandikia," jirani akasema kwa fahari. "Mimi siwezi."

Afisa aligeuka akanitazama upya. "Hii barua ya ndoo ni wewe umeandika? Mama, hii barua tumeisoma ofisini kwa sauti. Mkuu wetu alisema kwa muda mrefu hajapata barua inayomweleza kitu. Hongera sana." Akanipa mkono. Nilipokea hongera ile na mkono wangu ulikuwa na udongo wa Jangwani.

Sikwenda nao nyumba ya pili. Nilisikia kila kitu juu ya ukuta: buti za afisa, ndoo zikiburuzwa, jirani akieleza saa tano hapa, saa saba pale, na yule kaka akiuliza, tena akiuliza, tena kwa sauti ya mtu anayejifunza. Walikaa kule karibu saa nzima. Mara moja walicheka wote pamoja. Nilikaa jikoni nikichambua dagaa ambao nilikuwa nimeshawachambua.

Wivu una adabu mbaya. Ningemchukia kwa raha kama angenisema vibaya mbele ya wale watu, na nafasi alikuwa nayo, maana alijua. Mtu aliyelima miaka sita anajua mchicha wa bondeni ukiwa umelala. Alijua, akanifunika mbele za watu bila kuniangalia hata mara moja, na jioni akamtuma binti yake na bakuli la mihogo ya nazi. Nilikula mihogo ile nikiwa na hasira, na ilikuwa mitamu.

Bahasha ilikuja wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa. Jirani alikuja nayo kabla ya swala, haijafunguliwa, ya kaki, na muhuri. "Nisomee dada. Macho yangu leo hayako sawa." Macho yake hayakuwa sawa siku zote ikifika karatasi ya serikali. Tuliketi barazani. Nikachana bahasha, nikasoma kwanza kimoyomoyo kama ninavyosoma barua za watu wote, ili nijue nimwandae vipi.

Tunafurahi kukuarifu kuwa umeteuliwa.

Yeye alikuwa anaangalia barabara, akipeana salamu na wapita njia. Katika kata nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua. Sauti yangu ilikuwa ndiyo barua. Ningeweza kusema wanakushukuru, wanakutakia kila la heri, jaribu tena. Angeamini. Angesema, "Basi dada, si riziki yangu," angeenda kuswali. Ingegundulika, bila shaka, mwenyekiti angepiga simu, lakini ningekuwa nimepata siku moja au mbili za yeye kutokuwa mjumbe. Nilifikiri hivyo. Nilifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba aligeuka.

"Wamekataa?"

"Wamekuchukua," nikasema. "Wewe ndiye mjumbe."

Hakupiga kigelegele. Aliweka mkono mdomoni, akakaa hivyo, na machozi yakamtoka. "Mimi?" akasema. "Wa darasa la nne?" Akanishika goti, akaliminya. Nikamwambia hongera. Nilisema vizuri, kwa sauti, na naamini hakuna aliyesikia ambaye angeweza kunikosoa. Ndani nilikuwa nawaka.

Nyuma ya barua kulikuwa na karatasi ya pili, fomu ya kujaza na kupeleka kikao cha kwanza. Nilimwambia kuna orodha ya watu wanaolima eneo lake, watano, waandikwe majina. Kichwa cha fomu sikumsomea. Kilikuwa kimechapwa kwa herufi nene: WAKULIMA WALIO CHINI YA UONGOZI WA MJUMBE. Mstari wa juu kabisa, jina la mjumbe. Nikaandika lake.

"Haya," nikasema, "nipe majina."

"Namba moja si wewe?" Alishangaa hata kuulizwa. "Andika wewe kwanza, dada. Utawekwaje nyuma ya watu?"

Alikuwa ananipa alichonacho kikubwa kuliko vyote siku hiyo. Ningeweza kumwonyesha kile kichwa cha fomu, nikamweleza maana yake, naye angeumia, angeniomba msamaha, angenikataza nisijiandike, na fomu ingeenda bila mimi. Nikaegemeza karatasi kwenye goti. Nikaandika jina langu, herufi kubwa kama fomu ilivyotaka, chini ya lake. Kisha akanitajia wale wengine wanne, wote watu niliowapa mbegu mimi, nami nikawaandika mmoja mmoja.

Adhana ikaanza. Alisimama akajitanda vizuri, akaniambia nimsomee orodha kabla hajaondoka, asikie kama tumesahau mtu.

Nikaanza na jina langu.